UKOO WA BI TATU, TANDIKA 🌴

Da Zuhura 18:52
Assalaam alaykum wote. Pikipiki imelala tangu juzi na hesabu ya siku hakuna. Dawa za presha za Bibi zinaisha Ijumaa. Shafii anayeiendesha anasema tatizo kabureta, ile inayochanganya mafuta na hewa. Natoa wito: elfu kumi kumi kila mtu, namba yangu ile ile, tununue mpya tumalize.

Da Zuhura 19:20
Naona tiki za bluu tu.

Da Zuhura 19:21
Shafii waeleze wenzio.

Shafii 19:33
Inawaka na choki. Ukishusha choki inazima. Haina sailensi kabisa, yaani haingurumi yenyewe ukiachia mafuta, na ukivuta mafuta inakohoa

Anko Seif 19:34
Inakohoa? Ichemshieni tangawizi 😂

Mama Nasra 19:34
😂😂😂

Shafii 19:35
Anko hii pikipiki, si Yanga yako

Anko Seif 19:35
Dogo usinianze. Msimamo wa ligi unao?

Da Zuhura 19:36
Jamani!! Dawa za Bibi.

Kaka Idi 20:10
Choki inabana hewa. Kama inaitaka muda wote, maana yake inapata hewa nyingi na mafuta kidogo. Mara nyingi ni ile jeti ndogo, kile kipande chenye tundu la kupitisha mafuta ndani ya kabureta, imeziba. Kabureta nzima ya nini? Shafii, ule mpira kati ya kabureta na injini umeuangalia? Ikiwa inanguruma na choki, nyunyizia maji ya sabuni pale. Mlio ukibadilika, mpira umepasuka na huenda jeti haina kosa.

Da Zuhura 20:12
Fundi kasema mpya.

Kaka Idi 20:13
Fundi anayeuza spea atasema nini kingine? Kabureta ya kopi unaweza kupewa ina jeti za namba nyingine, ikaanza kunywa mafuta na hesabu yote ikaishia sheli. Fungueni, toeni jeti, muoshe kwa petroli na kupuliza kwa kompresa. Ishike kwenye mwanga uone tundu. MSICHOKONOE KWA WAYA, tundu likipanuka hiyo jeti ni ya kutupa. Ikishindikana nendeni nayo mkononi Kariakoo upande wa Gerezani, namba imegongwa juu yake, mpewe hiyo hiyo.

Mama Nasra 20:15
Mimi kumi yangu mwisho wa mwezi inshallah

Da Zuhura 20:17
Mwisho wa mwezi Bibi atakuwa anameza nini? Halafu niseme tu. Pikipiki hii ilikuja na kabureta yake ya orijino. Kabla ya ile gereji ya Rangi Tatu haikuwahi kusumbua.

Shafii 20:17
🙈

Anko Seif 20:19
Zuhura.

Da Zuhura 20:19
Nimetaja mtu?

Hamisi 20:41
Kwani humu mlinitoa? Nasoma yote. Semeni jina tu.

Da Zuhura 20:42
Iliingia gereji na kabureta moja ikatoka na nyingine. Aliyeipeleka anajijua.

Hamisi 20:43
Na hela ya gereji nilitoa mimi. Hilo halisemwi.

Bi Tatu 21:05
Nasra ananiandikia. Pikipiki alinunua babu yenu kwa minazi ya Mkuranga, si ya Zuhura na si ya Hamisi. Nilipolazwa, aliyelala sakafuni chini ya kitanda changu ni Hamisi. Sitaki kusikia Rangi Tatu tena nikiwa hai. Na dawa zangu msizifanye fimbo ya kuchapana.

Anko Seif 21:06
Tumesikia mama.

Shafii 21:06
Shikamoo Bibi 🙏

Da Zuhura 21:15
Nisamehe Bibi.

Hamisi 21:31
Kesho naweza kwenda Kariakoo mimi.

Da Zuhura 21:50
Sawa. Aende na Idi.

Kaka Idi 22:02
Kesho natoka kazini saa kumi jioni. Shafii, msiponisubiri sikiliza. Skrubu ya mchanganyiko wa hewa na mafuta kwenye kabureta, kabla hujaitoa, ingiza taratibu ukihesabu mizunguko mpaka iguse, uandike. Usikaze, ncha yake nyembamba. Ukishafunga irudishe hesabu ile ile. Zunguka mtaani kwanza injini ipate moto, choki chini. Pandisha sailensi kidogo, geuza skrubu robo robo mpaka mlio upande juu na kutulia, ndipo ushushe sailensi. Skrubu ikikaa upande wa injini, kuifungua ni kuongeza mafuta. Ikikaa upande wa ea klina, kile kichujio cha hewa, ni kuongeza hewa. Watu wanachanganya hapo. Baadaye toa plagi: masizi meusi mafuta yamezidi, nyeupe hewa imezidi, unataka kahawia.

Anko Seif 22:04
Idi, khutba ya Ijumaa leo ni Jumatano?

Shafii 22:06
Kaka Idi nimeisevu. Ila muuza spea anauliza Boxer yetu ni 100 au 150, anasema vitu haviingiliani

Da Zuhura 22:07
Kwani haijaandikwa ubavuni?

Shafii 22:07
Nilibandika Simba juu yake

Anko Seif 22:08
Unaona sasa 😂 ndo maana haiwaki

Hamisi 22:09
150.

Kaka Idi 22:10
Angalieni kadi kwanza.

Da Zuhura 22:11
Nasra, Bibi akiamka muulize kadi iko kabatini au kwenye lile sanduku. Na wale wa kumi, mpaka sasa imeingia ya Anko peke yake.

Mama Nasra 22:40
Bibi kashalala. Sasa tunachanga ya mpya au ya jeti?