Tupeane uzoefu: wewe ulipumzikia wapi katika upendo wa Mungu?

Mama Wawili, Umoja

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kuna jambo tunaloliimba kila Jumapili lakini wanaolisimulia ni wachache: kupumzika kwa Mungu. Siulizi nani alipata kazi au ploti. Nauliza ni lini ulijua unapendwa, mpaka mwili wenyewe ukaachilia.

Nianze mimi. Mwaka 2019 nilimzika mtoto wangu wa pili, akiwa na miezi saba. Sikulia. Wiki iliyofuata nilikuwa kwaya, nikaongeza zamu ya shule ya Jumapili, na kesha za Ijumaa sikukosa hata moja. Watu wakasema mama huyu ana imani. Kumbe nilikuwa nalipa deni. Nilidhani Mungu amenikasirikia, na nisipojituma atamchukua na huyu aliyebaki.

Siku moja nimetumwa benki, mvua ikanikuta karibu na Uhuru Park, Nairobi, nikajibanza ndani ya kanisa kuu la All Saints. Nikakaa benchi la nyuma. Sikuomba chochote, usingizi ulinichukua. Kuamka, nakuta mzee anapiga deki. Sakafu yote imelowa inang'aa, isipokuwa kipande kikavu chini ya miguu yangu na mkoba wangu. Alikuwa amenizunguka asiniamshe. Akaniambia, "Lala tu, mama. Hapa ni kwa Baba yako."

Nililia kilio nilichokuwa nimekiruka kaburini. Tangu siku hiyo Mathayo 11:28 naisoma polepole. "Njoni kwangu, ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo, nami nitawapumzisha." Hasemi njoni mkiwa mmeshatua mizigo. Karibuni na nyinyi.

Muuza Waru

Pole sana, mama. Mimi naamka saa tisa usiku kuwahi magari ya viazi Marikiti. Miaka kumi na moja sasa. Jumapili nilikuwa nafungua kibanda pia, kwa hofu ya njaa. Siku moja katika jumuiya ikasomwa Zaburi 127, pale panaposema ni bure kuamka mapema na kukawia kulala na kula chakula cha taabu, kwani Mungu "humpa mpenzi wake usingizi". Nilikasirika. Nani atalipa karo? Lakini neno "mpenzi" likanifuata hadi sokoni, katikati ya mikokoteni na matope. Siku zote nilijiona kibarua wa Mungu.

Saa tisa bado naamka, karo haijaisha. Ila Jumapili kibanda kimefungwa, na nalala mchana bila kujiona mvivu. Presha imeshuka kidogo, daktari mwenyewe aliniuliza nimebadilisha nini.

Baba Neema

Mimi "Baba Yetu" ilikuwa inanikwama kooni. Baba niliyemjua alikuwa mkanda na harufu ya chang'aa. Usiku mmoja Neema, akiwa na miaka minne, alishikwa na homa, nikapanga naye foleni kwenye zahanati hadi alfajiri. Alilala begani mwangu, udenda umelowesha koti. Hakuniuliza kama nina pesa ya dawa. Nikajikuta nanong'ona, "Baba, na mimi nibebe hivi." Ndiyo sala yangu ya kwanza ya kweli. Baba mzazi nimemsamehe kwa hatua, na hatua nyingine bado.

Mkimya wa Kawangware

Naandika hapa kwa mara ya kwanza. Nina dipresheni. Mhubiri mmoja aliniambia dawa ni kukosa imani, nikazitupa chooni. Baada ya wiki chache nilikuwa sioni sababu ya kuoga wala kula. Dadangu ndiye aliyenirudisha kliniki.

Aliyenisaidia ni Eliya. Katika 1 Wafalme 19 anajilaza chini ya mti wa mretemu akiomba afe. Mungu hamkemei. Anamtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa na maji. Anakula, analala tena, anaamshwa ale mara ya pili. Maongezi yanakuja baadaye, kule Horebu. Nikimeza kidonge changu asubuhi na chai, naukumbuka mkate ule.

Mama Wawili

Mkimya, asante kwa kutuamini. Na wengine wanaosoma: tafadhali asikatize dawa mtu yeyote bila daktari wake. Mungu hashindani na kliniki.

Baba Neema

Amina. Mkate kwanza, maongezi baadaye. Hiyo nitaikumbuka.

Msomaji Tu

Mnanifurahisha, lakini je, sisi ambao hatuhisi kitu? Nimeombewa, nimefunga, nimewekewa mikono. Ndani ni kavu kama Desemba Turkana. Nimechoka kutafuta.

Mama Wawili

Ndugu, au dada, sijui. Nami nilikuwa mkavu hivyo. Siku ile sikuhisi kitu nilipoingia, nilihisi tu viatu vinauma. Sikukutafutia aya leo. Yohana anasema yeye alitupenda sisi kwanza, basi pumzika kutafuta hata kwa siku moja.

Kila Alhamisi saa saba mchana huwa nipo benchi lile lile la nyuma, upande wa kushoto. Ukitaka, njoo ukae. Si lazima uombe, na si lazima tuongee. Ukilala nitakulindia mkoba.