Tupeane uzoefu: mtoto wako na watu wenye ulemavu

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi nilikuwa kwenye daladala la Mbagala na mwanangu wa miaka minne. Akapanda kaka mwenye magongo, mguu mmoja umekatwa juu ya goti, suruali kaikunja na kuibana kwa pini. Mwanangu akauliza, gari zima likasikia: "Mama, mguu wake uko wapi?" Nikamziba mdomo. Yule kaka akamjibu mwenyewe: "Nilipata ajali ya pikipiki, madaktari wakaukata ili nipone." "Unauma?" "Zamani uliuma, sasa hapana." Basi, mtoto akarudi kwenye ubuyu wake. Mimi ndiye niliyeshuka na aibu. Kwa ule mkono wangu nilimfundisha kuwa yule kaka ni wa kuogopwa. Wenzangu yamewakuta yapi?

*

Mimi ndiye ninayeulizwa. Polio ilinipata utotoni, natembea nikishindilia paja kwa mkono kila hatua. Shuleni kwetu tulikuwa kadhaa, hakuna aliyeshangaa. Tanzania mgonjwa wa mwisho wa kirusi cha asili cha polio aliripotiwa 1996, kwa hiyo watoto wa sasa hawajauona mguu kama wangu, na kwa hilo namshukuru Mungu. Wadogo kabisa huniuliza tu. Wakifika miaka saba, nane, ndipo wengine wananiigiza nyuma yangu, na hapo ujue neno "kiwete" wameshalisikia nyumbani. Lakini kinachoniumiza zaidi ni mzazi anayemvuta mtoto nikipita.

*

Mwalimu wa chekechea hapa. Darasani nina binti anayetumia kiti mwendo. Wiki ya kwanza wenzake walimgombania kumsukuma, nikaona ni upendo, kumbe mwenyewe hataki. Siku moja akafunga breki akalia. Tangu hapo anaombwa kwanza. Kwenye kukimbizana wamepanga wao wenyewe, sikuwaambia: ukigusa gurudumu, umemgusa yeye.

*

Wangu aliogopa, niseme ukweli. Babu yake alirudi kutoka hospitali amekatwa mguu kwa sababu ya kisukari, na mjukuu akagoma kuingia chumbani zaidi ya wiki. Hatukumlazimisha. Siku moja babu akamwita amletee soksi ya kuvika pale palipokatwa. Akaileta, akasimama mlangoni akimtazama anavyoivuta taratibu. Kesho yake akaipeleka bila kuitwa.