Kaimati zangu nje zinaungua ndani mbichi, naombeni msaada wa haraka

dada_wa_temeke: Habari za saa hizi wapendwa. Kesho nina wageni wa futari, mama mkwe akiwemo, na kaimati zinanikataa. Natumia unga wa ngano nusu kilo, hamira kijiko kikubwa kimoja, sukari nusu kikombe humo humo kwenye unga, hiliki na tui zito. Nauumua toka saa sita mchana, saa kumi na moja naanza kuchoma. Zinakuwa nyeusi fasta, ukipasua ndani rojo tupu, halafu zina mikia na zimelowa mafuta chapa. Leo nimemwaga karai zima na unga wenyewe mnajua bei yake, imeniuma sana. Nakosea wapi?

mchoma_kaimati: Pole sana dada. Hiyo sukari itoe kabisa, utamu wa kaimati unatoka kwenye shira, ukiweka nyingi kwenye unga ndo inayokimbilia kuungua kabla ndani hakujaiva. Weka kijiko kimoja cha chai tu cha kuamsha hamira.

bi_mkubwa_unguja: Mwanangu na hamira umezidisha. Kwa nusu kilo kijiko cha chai kimoja kinatosha, tena na joto hili masaa matano unga unachacha, unakuwa na harufu ya pombe na ukiingia kwenye mafuta unayanywa. Saa moja, ikizidi sana saa moja na nusu, ukiona umeumuka mara mbili anza kuchoma. Na hujasema kama unaupiga. Unga wa kaimati haukandwi kama wa maandazi, unapigwa kwa mkono, unauchota toka chini unaurudisha kwa nguvu, dakika kumi hivi mpaka uvutike na utoe mapovu, hapo ndo zinakuwa duara na wazi ndani. Mikia inatokana na rojo jepesi, tui tia kidogo kidogo usilimwage lote.

dada_wa_temeke: Shikamoo bibi, asante sana. Kwa kweli nilikuwa nakoroga na mwiko tu. Na moto je? Natumia gesi.

bi_mkubwa_unguja: Marahaba. Moto wa wastani, mafuta yawe mengi zielee. Dondosha tone moja, likizama kidogo likapanda na mapovu taratibu basi tayari, likibadilika rangi hapo hapo punguza. Chovya vidole kwenye maji kila unapochota, usijaze karai, na uzigeuze geuze muda wote.

kisauni_001: Mie huongeza vijiko viwili vya unga wa mchele, zakauka nje vizuri zikawa krispi hata baada ya Isha. Shira vikombe viwili vya sukari kwa kimoja cha maji, ikishachemka usiikoroge tena, kamulia ndimu kidogo isigande, ukiishika na vidole ivute kama uzi ndo ushaipata. Zitie kaimati zingali moto.

mchoma_kaimati: Hapo kwa zingali moto mi sikubaliani, zinalainika. Mi naziacha zipoe dakika tano, shira ndo iwe ya moto, nazigeuza nazitoa.

wa_maskati: Huku Oman wanaziita luqaimat, wengi wanamwagia asali ya tende juu wakati wa kula badala ya kuzichovya, zinabaki kavu. Kama wageni watachelewa fanya hivyo, shira iweke pembeni kwenye bakuli.

dada_wa_temeke: Nimerudi jamani, nimejaribu robo kilo usiku huu huu. Nimeupiga mpaka mkono umeuma, zimetoka duara, ndani wazi kabisa, mafuta hayajaingia!! Mume wangu kala nane kasimama hapo hapo jikoni. Shira nimeitenga kama alivyosema wa Maskati. Swali la mwisho, unga naweza kuukoroga asubuhi nikauweka kwenye friji?

bi_mkubwa_unguja: Usijisumbue, koroga baada ya Alasiri, Magharibi ikiadhiniwa zinatoka karaini.