Naombeni ushauri: bunduki yangu ya .410 inajeruhi kindi. Nipimeje mtawanyiko, na nitumie risasi gani?

Mtu wa Manyoni (mwenye uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Nipo Missouri, Marekani, huu mwaka wa sita. Mwaka jana nilimaliza mafunzo ya wawindaji, nikakata kibali cha wanyama wadogo, na jirani yangu mmoja mzee, ambaye magoti yamemkatalia kuingia msituni, akaniuzia shotigani yake ya .410. Ni ile ya kuvunja katikati, inameza risasi moja tu. Nyepesi, haisukumi bega, na choki yake (mbano wa mdomo wa mtutu) ni ya kudumu, imeandikwa Full, yaani mbano mkubwa.

Mpaka sasa nimepiga kindi saba, watatu nimewapoteza. Wa Jumamosi ndiye anayeninyima usingizi. Alikuwa juu ya mti wa mhikori, nilihesabu hatua 35 hivi. Nilipofyatua akadondoka mpaka chini, nikamwona anaburuta miguu ya nyuma, akajivuta akapanda mti wa jirani na kuingia kwenye tundu. Nilikaa chini ya ule mti mpaka kiza kikaingia. Sikumpata.

Marehemu baba kule Manyoni alikuwa na gobore. Alikuwa anashindilia baruti na vipande vya chuma, na kanga alikuwa anamnyatia mpaka hatua kumi. Sikuwahi kumwona akiacha mnyama na jeraha.

Risasi nilizonazo ni maboksi aliyoniachia mzee: inchi 2½, marisau (zile punje za ndani ya risasi) namba 7½. Kila ninayemuuliza ananiambia "jaribu kwenye karatasi", lakini hakuna aliyekaa akanielekeza namna ya kufanya. Naomba kuwasilisha.

Fundi Mitutu

Pole mkuu. Swali lako ni la mtu mwenye huruma na mnyama, kwa hiyo nitaandika kwa urefu.

Kwanza ujue ulichobeba. .410 siyo geji (kipimo cha unene wa mtutu; namba ikiwa kubwa, mtutu ni mwembamba). Ni kipenyo cha mtutu kwa inchi, yaani milimita 10.4. Ungeihesabu kwa geji ingekuwa 67 hivi, wakati wenzake ni 12, 20 na 28. Hiyo risasi yako ya inchi 2½ inabeba nusu aunsi, gramu 14, ambazo kwa namba 7½ ni marisau kama 175. Kwa hatua 35 yalishatawanyika. Yaliyomgusa kindi wako huenda ni mawili au matatu, tena kiunoni.

Halafu kuna ubaya wa wembamba. Marisau yamepangana kwa urefu kama watoto kwenye foleni ya uji. Baruti inaposukuma, ya nyuma yanabanwa na ya mbele, na ya pembeni yanasuguana na chuma. Yakitoka yamekuwa bapa, na risau bapa haliendi lilikotumwa. Ndiyo maana kwenye .410 nunua risasi zenye marisau magumu, yaliyochanganywa na antimoni, na zenye kikombe cha plastiki kinachoyafunika yote.

Sasa karatasi. Nunua rola la karatasi ya kufungia nyama, upana inchi 36. Kata mraba, weka nukta nyeusi katikati. Pima yadi 25 kwa futi ya kamba, usihesabu hatua. Kipimo kinachotajwa siku zote ni yadi 40, lakini hicho ni cha akina geji 12. Egemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, lenga nukta, piga risasi moja kwenye karatasi moja. Moja tu, kisha badilisha. Risasi tano za kila aina, ukibanwa na pesa piga tatu. Andika pale pale aina na umbali, maana ukifika nyumbani karatasi zote zinafanana.

Nyumbani tafuta mahali palipojaa zaidi, funga penseli kwenye uzi wa inchi 15, zungusha. Hilo ni duara la inchi 30. Usilizungushe kwenye nukta, lizungushe kwenye msongamano. Kisha pima umbali kati ya nukta na kitovu cha duara. Bunduki nyingi haziendi unakolenga, na mwenye nayo anajilaumu bure. Hesabu matundu. Chukua risasi nzima moja, kata mkunjo wa juu tu kwa wembe (kitako cha shaba usikiguse kabisa), mimina marisau kwenye sahani, hesabu. Hapo unapata asilimia yako kwa uhakika, bila kutegemea maandishi ya boksi.

Ila asilimia peke yake haitakusaidia kwa kindi. Chora kindi kwa ukubwa wake kwenye katoni, kata, tumia kama chapa. Iweke penye nukta, hesabu yaliyoingia kichwani na shingoni tu. Mimi nataka matatu au zaidi, kila karatasi. Anza yadi 15, rudi nyuma tano tano. Pale ambapo karatasi moja kati ya tano inakunyima, umeshapita mwisho wako.

Babu Kwale

Fundi amesema vizuri. Mimi naongeza la uhai wako wewe mwenyewe.

Kabla hujanunua risasi za inchi 3, soma ubavu wa mtutu. Kama pameandikwa 2½, usiingize ya inchi 3 hata kama inaingia. Inaingia kwa sababu mkunjo wa mbele haujafunguka. Ukifyatua unafunguka na kukosa nafasi, na shinikizo linapanda vibaya. Bunduki ya zamani isiyo na maandishi ipeleke kwa fundi apime chemba, pale risasi inapokaa.

La pili, nyuma ya karatasi kuwe na tuta la udongo. Kuna kanuni ya zamani: zidisha kipenyo cha risau kwa inchi mara 2,200, unapata yadi linazoweza kufika. Namba 6 ni inchi 0.11, kwa hiyo ni yadi 242. Kwa kindi aliye juu ya mti, jiulize kilichopo nyuma ya matawi.

Kuchakuro Texas

Salamu kutoka Texas. Sisi Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hivyo haya mambo nimeyajulia huku. Ushauri wangu ni mfupi: uza hiyo, nunua geji 28. Mtutu wake ni inchi 0.550, inabeba robo tatu ya aunsi bila kubanana, na haipigi bega pia. Mimi nilihangaika na .410 misimu miwili.

Fundi Mitutu

Kuchakuro, kwa mtawanyiko huna mpinzani, 28 ni tamu. Lakini mwenzetu ameuliza kuhusu bunduki aliyo nayo, na risasi za 28 ni ghali na hazipatikani kila duka. Choki ya Full ikipewa risasi inayoelewana nayo inaua vizuri kabisa ndani ya yadi 20.

Kuhusu namba, Manyoni: toa namba ya marisau kwenye 17, unapata kipenyo kwa sehemu za mia za inchi. Namba 6 ni 11, namba 4 ni 13. Kwa aunsi moja namba 4 ni marisau 135, namba 6 ni 225, namba 7½ ni 350. Kindi ana ngozi ngumu kuliko sungura, hasa wale wakubwa wa kahawia. Mimi ningeanza na namba 6. Namba 4 inapenya, lakini kwenye .410 yanabaki machache mno, kichwa kinapita katikati yake. Sungura wa vichakani, karibu, 7½ inamtosha.

Na uangalie kibao cha eneo unalowinda. Kwenye maeneo kadhaa ya hifadhi huko Missouri marisau ya madini ya risasi hayaruhusiwi.

Mama Zuhura

Samahanini wakaka, mimi siwindi, mimi ndiye ninayepika. Mume wangu anawinda sungura na kindi hapa Kentucky.

Risau likiingia linavuta manyoya ndani. Kwa hiyo ukishachuna, tafuta kitundu chenye damu iliyoganda, utaona kinyweleo kimeingia. Fuata kinyweleo kwa ncha ya kisu, mwisho wake lipo. Namba 6 nayapata kwa vidole. Yale madogo yananipita, na mwaka juzi mwanangu alivunja kipande cha jino kwenye mchuzi wa nazi. Tangu hapo nilimwambia baba yake: piga kichwa au acha. Ukipiga kichwa, mapaja yote yanabaki masafi.

Mtu wa Manyoni (mwenye uzi)

Shikamoo Babu, na shukrani kwenu wote, dada Zuhura hasa. Nimerudi na majibu.

Mtutu umeandikwa inchi 3, kwa hiyo nilinunua namba 6 za urefu huo, aunsi 11/16, pamoja na za inchi 2½ namba 6. Nilikwenda uwanja wa shabaha Jumatano asubuhi, hakuna upepo. Yadi 25, karatasi tatu kila aina.

Zile za mzee, 7½: nilikuta marisau 172 kwenye sahani. Ndani ya duara 128, 103 na 131. Ile ya 103 ina pengo upande wa kushoto, kiganja changu kinaenea bila kugusa tundu. Niliyaweka yale ya kwenye sahani mkononi, ni laini, ukucha unaacha alama.

Namba 6 za inchi 2½: marisau 110. Duara 96, 92, 94. Sikutegemea. Asilimia 85, na zinafanana kama mapacha.

Namba 6 za inchi 3: marisau 152. Duara 118, 109, 121. Asilimia 76. Ndefu inapoteza zaidi njiani, Fundi, kama ulivyosema kuhusu foleni, lakini bado inafikisha mengi zaidi.

Na kubwa kuliko yote: kitovu cha duara kipo inchi 4 chini ya nukta, karatasi zote tisa. Nilikuwa nalenga kifua, marisau yanakwenda kwenye miguu. Nilikaa kimya pale mezani kwa muda.

Kwa chapa ya kindi nilitumia zile za inchi 3, nikalenga juu kidogo. Yadi 20: kichwani na shingoni 4, 5, 4, 6, 4. Yadi 25: 3, 2, 4, 3, 1. Yadi 30: 1, 0, 2, nikaacha.

Kwa hiyo mwisho wangu ni yadi 20. Nimepima kamba ya urefu huo nikayazoeza macho uani, mti kwa mti.

Babu Kwale

Marahaba mwanangu. Na huko wanawaruhusu kindi kumi kwa siku. Aliyeingia tunduni na jeraha mhesabu katika hao kumi.

Mtu wa Manyoni (mwenye uzi)

Nitafanya hivyo, Babu.

Leo nimeingia msituni kabla ya jua. Wa kwanza alishuka kwenye gogo, yadi 17, nilipima baadaye. Hakutikisika. Marisau manne kichwani, moja shingoni, mapaja masafi. Wa pili alitokea kwenye ule mhikori wa Jumamosi, juu kabisa, anatafuna, maganda yananidondokea kwenye kofia. Umbali ulikuwa umezidi kamba. Nikavunja bunduki, nikatoa risasi, nikamwangalia mpaka alipomaliza kula.