Naombeni ushauri: mimba ya wiki 25, daktari anataka jibu leo

Wakuu, chupa ya mke wangu imepasuka jana usiku. Tuko hospitali ya wilaya. Daktari ameuliza: mtoto apambaniwe kwa kila njia, ikibidi tuhamishwe, au akizaliwa apewe joto la mama yake tu? Mama mkwe anasema tumwachie Mungu. Kaka anasema nitafute hela tuhame. Mke wangu kageukia ukutani, haongei. Mliopitia haya nisaidieni.

Muuguzi wa Njiti
Pole sana kaka. Kwanza, hizo wiki zimehesabiwa kwa ultrasaundi ya mwanzoni au kwa tarehe ya hedhi? Wiki 23 na wiki 26 zina tofauti kubwa mno. Pili, uliza kama amechomwa sindano za kukomaza mapafu. Zinahitaji kama siku nzima kufanya kazi vizuri. Mkiamua kuhama, hameni mtoto akiwa bado tumboni, maana njiti wa gramu 700 hupoa njiani, na baridi peke yake inaua. Huko mnakokwenda waulizeni: mna mashine ya kusaidia kupumua? Mwaka jana watoto wa umri huu wangapi walirudi nyumbani? Ubongo na macho yao yakoje? Na jibu la leo halikufungi, kesho hali ikibadilika mnaweza kuamua upya.

Mama Kangaruu
Wangu alizaliwa wiki 27, gramu 900. Tulikaa wodini siku 61. Mwanzoni alikunywa mililita 2 za maziwa kwa mpira wa puani, nami nilikuwa naamka saa tisa usiku kukamua kwenye kikombe. Baadaye nikambeba kifuani, ngozi kwa ngozi. Sasa yuko darasa la pili, anavaa miwani. Lakini mama wawili wa vitanda vya jirani walirudi mikono mitupu, na walikamua kama mimi.

Baba G
Wetu alikuja wiki ya 22. Daktari alitueleza ukweli, hapakuwa na mashine ya kumfaa. Mke wangu alimpakata kifuani chini ya kanga, nikampa jina. Aliishi dakika 40. Wapo ndugu waliosema tulimtupa. Hatukumtupa. Mkuu, waombe mama mkwe na kaka wakae nje kidogo. Mkeo usimuulize "tufanyeje", muulize anaogopa nini.

Mleta uzi
Asanteni sana. Ni wiki 25 na siku 3, kwa ultrasaundi ya mwanzoni. Sindano ya kwanza kachomwa asubuhi. Ndugu nimewatoa nje. Mke wangu kasema anachoogopa ni mtoto kufia kwenye mashine yeye akiwa wodi nyingine. Tumekubaliana kuhama. Tumemwambia daktari kwamba ikionekana mtoto anateseka tu na hakuna la kumsaidia, aletwe kifuani kwa mama yake. Kaiandika kwenye faili mbele yetu. Gari la wagonjwa limeenda kujaza mafuta.