Kinu cha maji cha zamani na bwawa lililojaa mchanga: historia yake inasomwaje?

mlima_kijito:
Wakuu, habari za jioni. Kijiji kimoja upande wa milima ya Mpwapwa kina mabaki ya kinu cha maji: mawe mawili ya kusagia yenye upana wa mita 1.2, shimo la gurudumu lililojengwa kwa mawe, mfereji, na bwawa la mita 20 kwa 15 ambalo sasa ni bustani ya mchicha. Maandishi hakuna. Inajulikana tu kwamba kilisaga uwele na mtama mpaka mashine ya dizeli ilipofika. Je, mabaki yanaweza kueleza kilivyofanya kazi? Kijito hakikauki, sasa bwawa lilikuwa la nini? Na likifukuliwa, kitasaga tena?

fundi_beringi:
Mkuu, anza na shimo, mawe yasubiri. Gurudumu lililozunguka miaka mingi huacha mikwaruzo ya duara ukutani. Pima kutoka katikati ya tundu la mhimili hadi kwenye mkwaruzo wa nje, zidisha kwa mbili, hicho ndicho kipenyo. Halafu tazama mfereji unaishia wapi. Ukiishia juu ya shimo, maji yalijaza ndoo za gurudumu na uzito wake ndio uliolivuta chini. Ukiingilia chini, yalisukuma mapanga ya gurudumu tu. John Smeaton wa Uingereza alichapisha vipimo vyake mwaka 1759: la kumwagiwa juu linatoa nguvu karibu mara mbili ya la kusukumwa chini.

Hesabu ya nguvu: lita kwa sekunde, mara mita za anguko la maji, mara 9.8, unapata wati. Lita 60 zikianguka mita 4 ni kama wati 2,350. Gurudumu zuri la juu linakupa asilimia 60 hivi ya hizo, yaani 1,400. Tarajia kilo 30 mpaka 40 kwa saa. Mashine ya dizeli inacheka.

Tafuta pia meno ya gia, ya mbao au chuma. Gurudumu la mita 3.5 huzunguka kama mara 11 kwa dakika, na jiwe la upana huo linataka mara 100 na zaidi. Bila gia za kuzidisha karibu mara kumi hapo hakusagwi kitu.

tuta_na_banio:
Swali la bwawa ndilo tamu. Chukulia kiangazi kijito kinatoa lita 15 kwa sekunde na gurudumu linataka 60. Ukielekeza kijito moja kwa moja, gurudumu halitikisiki. Ndiyo maana lango hufungwa usiku. Bwawa la eneo hilo likiwa na kina cha mita 1 linachukua lita 300,000 na linajaa kwa saa tano na nusu. Asubuhi unafungua, unasaga saa mbili kasoro, kilo 60 hivi, kisha unafunga tena. Bwawa lilikuwa betri.

Watu husingizia jua la Dodoma. Jua linakula milimita 6 au 7 kwa siku. Kwenye eneo hilo ni lita 2,000 tu. Kinachoua bwawa ni mchanga. Mvua za kwanza, mwishoni mwa Novemba au Desemba, zinakuta ardhi tupu baada ya malisho, na korongo linashusha kila kitu. Hata mabwawa makubwa kama Ikowa na Matumbulu yalipopimwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilionekana umri wake ungehesabiwa kwa miongo michache. Mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973 kwa sababu ya mmomonyoko huo huo.

Chimba shimo la majaribio katikati ya bustani. Utaona tabaka: mchanga mnene chini, tope laini juu, kisha mchanga tena. Kila jozi ni furiko moja, si mwaka mmoja, kwa hiyo usizihesabu kama miaka. Ukifika kwenye udongo mgumu wa mfinyanzi simama. Huo ndio sakafu ya bwawa, ukiutoboa maji yatapotelea chini.

mlima_kijito:
Asanteni sana. Tuta la bwawa lina miti mikubwa na vichuguu. Na mawe yamelainika kabisa.

tuta_na_banio:
Mzizi ukioza unaacha bomba ndani ya tuta, na mchwa nao hivyo hivyo. Hapo lazima kukata, kung'oa visiki na kushindilia upya kwa tabaka za sentimita 15. Utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji ya ziada, uwe chini ya kimo cha tuta kwa nusu mita au zaidi, maana tuta la udongo likipitiwa na maji juu halimalizi usiku. Jenga shimo la kutegea mchanga kabla ya bwawa, lifukuliwe kila kiangazi. Na kibali cha kutumia maji kiombwe Bodi ya Maji ya Bonde kabla ya jembe la kwanza.

fundi_beringi:
Mawe yanachongwa upya mifereji kwa tindo, kutoka tunduni hadi ukingoni. Pembeni yaachane unene wa karatasi, katikati zaidi kidogo. Yakibana, unga unatoka na joto na harufu ya kuungua. Yasizungushwe matupu hata dakika moja, yatagongana. Kilo chache za kwanza baada ya kuchonga mwaga, zina changarawe.