Kila mbalamwezi navunja kibubu. Nisaidieni wakuu

Ngosha wa Dagaa:
Wakuu, habari za usiku. Nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba. Mwaka huu nimeshavunja vibubu vitatu. Wakati wa giza mzigo unaingia, kila jioni natumbukiza elfu mbili na daftari la mauzo naandika. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa, wavuvi wanalala, nami nakaa siku kama kumi bila biashara. Siku ya kwanza naruka, ya pili naruka, ya nne natafuta nyundo. Daftari nalo linaishia kufungia vitumbua. Giza likirudi naanza upya kama mtoto wa chekechea. Nyie mnaoshika jambo dogo kila siku mnafanyaje?

Jiwe la Bwiru:
Nunua kibubu cha chuma.

Mzee wa Nyegezi:
Huyo atakifuata na msumeno 😂. Mkuu, kuna utafiti wa University College London wa 2010: watu 96 walichagua kila mmoja kajambo kamoja, wakafuatiliwa wiki 12. Kuzoea kulikadiriwa siku 66 kwa wastani. Mwingine 18, mwingine 254. Zile siku 21 tunazoimbiwa achana nazo. Na kuruka siku moja hakukuwaharibia. Wewe unaruka kumi mfululizo, tena kabla hujafika hata nusu ya 66.

Mama Chanja:
Mdogo wangu, mimi naanika dagaa Igombe tangu enzi za karabai. Umeifunga tabia kwenye pesa ya mzigo, mzigo ukikata na tabia inakata. Ifunge kwenye kitu unachofanya hata ukiwa huna shilingi. Mimi nikishanawa miguu usiku, mkono unaenda kwenye kopo wenyewe. Mbalamwezi naweka mia mbili, siku nyingine hamsini (baba watoto hajui hilo kopo lipo). Na daftari usiliache: andika tarehe, andika "leo hakuna", funga.

Mkweli Mchungu:
Siku kumi hana kipato, watoto wanataka ugali, nyie mnamfundisha tabia! Akiba ya giza ndiyo ya kula mbalamwezi. Kosa lake liko wapi?

Ngosha wa Dagaa:
Hapo umenigusa. Basi viwe viwili, kimoja cha mbalamwezi, ruksa kuvunja. Dada Chanja, wabeja. Mia mbili nimeitumbukiza sasa hivi, mke anauliza kimelia nini huko chumbani.